Mkwaruzo Hauchorwi

Nianze na ugomvi, maana bila ugomvi makala hii isingeandikwa.

Miezi miwili iliyopita rafiki yangu mmoja alinikuta nyumbani, madirisha wazi, feni nimeizima isije ikarusha vumbi, barakoa usoni, napulizia rangi ya fedha kwenye mgongo wa ndege ya plastiki. Huyu bwana anaunda modeli kunizidi. Ana kabati zima la ndege, vifaru na meli, na mkono wake hautetemeki. Akasimama mlangoni akaniangalia, kisha akauliza, "Si ulisema juu inakuwa ya kijani?"

"Ndiyo."

"Sasa fedha ya nini mahali ambapo unakuja kupafunika?"

Nikamwambia kwa sababu ndege yenyewe ilikuwa hivyo: alumini kwanza, kijani baadaye. Akacheka. "Ndugu yangu, unajitesa bure. Paka kijani chako moja kwa moja. Kikikauka, kata kipande cha sponji ya vyombo, chovya kwenye fedha, donoadonoa. Dakika kumi tu una ndege iliyotoka vitani."

Dakika kumi tu una ndege iliyotoka vitani. Nimekaa na sentensi hiyo miezi miwili, na kila nikiigeuza inaniudhi zaidi. Inaniudhi kwa sababu siisikii kwenye modeli peke yake. Naisikia kwenye miswada ya riwaya za kihistoria ninayoombwa kuipitia, kwenye hadithi za mashindano, kwenye tanzia zetu za mitandaoni. Watu wanachovya sponji kwenye mateso, wanadonoadonoa, halafu wanatuambia mhusika katoka vitani. Na mmoja wa watu hao, nitakiri mbele, ni mimi.

Kwa hiyo nasema waziwazi, na anayebisha abishe: mkwaruzo hauchorwi. Mkwaruzo ni mahali ambapo kitu kimetoka. Ukiweka rangi juu ya rangi ukaiita mkwaruzo, umeongeza kitu mahali ambapo historia iliondoa. Jicho la mtazamaji linaweza lisijue kwa nini halijaridhika, lakini linajua.

Sasa tuiangalie ndege yenyewe. Najua wengi mnakuja hapa kwa ajili ya vitabu, injini hazina habari nanyi. Nivumilieni kidogo. Hii ndege ina kisa kizuri kuliko riwaya nyingi nilizosoma mwaka huu.

Inaitwa Kawasaki Ki-61. Wajapani waliipa jina Hien, yaani mbayuwayu arukaye. Wamarekani na Waaustralia waliopigana nayo waliiita Tony. Wakati ule Japani haikuwa na jeshi la anga linalojitegemea. Jeshi la nchi kavu lilikuwa na ndege zake, na jeshi la majini lilikuwa na zake. Hien ilikuwa ya jeshi la nchi kavu. Ina pua ndefu nyembamba, kwa sababu injini yake ilikuwa ya kupozwa kwa maji, iliyotengenezwa kwa leseni kutoka injini ya Kijerumani, wakati ndege nyingine nyingi za kivita za Kijapani zilikuwa na injini za duara za kupozwa kwa upepo. Ukiiweka rafuni kati ya wenzake unaiona mara moja.

Mwaka 1943 vikosi viwili vya Hien, cha 68 na cha 78, vilipelekwa kusini, na hatimaye vikawa vinafanya kazi kutoka Wewak, kwenye pwani ya kaskazini ya New Guinea. Hapa ndipo kisa cha rangi kinapoanza. Hien za mwanzo zilikuwa zinatoka kiwandani zikiwa alumini tupu, zinang'aa. Kiwandani alumini tupu ni jambo zuri: inaokoa muda, inaokoa uzito, na ndege mpya inayong'aa inampendeza kila mtu. Lakini iegeshe ndege hiyo kwenye uwanja wa udongo uliozungukwa na msitu wa kijani, jua la saa sita liko utosini, halafu adui anapita juu. Ni sawa na kumwonyesha kioo. Kwa hiyo huko huko uwanjani mafundi walichukua rangi ya kijani na kuipulizia juu ya alumini: madoa, mistari, mabaka yaliyosongamana. Kila kikosi na mtindo wake, na ndani ya kikosi kimoja kila ndege na mkono wa fundi wake. Tumboni mara nyingi waliacha alumini vile vile.

Tarehe 17 Agosti 1943 ndege za Marekani zilikuja juu ya Wewak na viwanja vya jirani, zikarudi kesho yake. Makumi kwa makumi ya ndege za Kijapani za kila aina ziliteketea zikiwa zimeegeshwa. Kwa hiyo kijani kile hakikuwa pambo. Kilikuwa hofu ya watu waliokuwa wanatazama juu kila asubuhi, na hofu yao ilikuwa na sababu.

Na kijani hicho hakikushika.

Hili nililijua kabla sijasoma kitabu chochote cha ndege, kwa sababu nililelewa na fundi rangi. Baba yangu mdogo alikuwa anapaka rangi malori kwenye gereji moja Gerezani, hapa Dar es Salaam, na likizo zangu za shule ya msingi niliziishia pale, nikishika msasa na ndoo ya maji. Alinifundisha kwamba bati la kawaida lina huruma: lipige msasa, lifute mafuta, litakupokea. Alumini ni mkaidi. Bodi la alumini usipolisugua na kulipaka praima yake maalumu, rangi itakaa juu kwa wiki mbili tatu ikikudanganya, kisha siku moja mwenye lori anakuja na kipande kizima mkononi kama ganda la yai. Baba mdogo alikuwa na methali yake kwa mafundi waliokuwa wanaruka hatua hiyo. Alikuwa anawaambia, "Nguo ya kuazima haisitiri matako." Gereji nzima inacheka, na aliyelengwa anarudi kuchukua msasa.

Fundi wa Wewak hakuwa na nafasi ya msasa wala praima. Alikuwa na rangi, jua, mvua, unyevunyevu wa bahari, na haraka. Kwa hiyo kijani kilichubuka. Kilichubuka pale ambapo mafundi walikanyaga kwenye shina la bawa. Kilichubuka kwenye kingo za vifuniko vya injini, vilivyofunguliwa kila siku kwa sababu injini ile ilikuwa inasumbua. Kilichubuka kuzunguka vifuniko vya mafuta, na kwenye ncha za mbele za mabawa ambako upepo na vumbi vinapiga kwanza. Ukizitazama picha za Hien zilizotelekezwa New Guinea, unaona alumini inachungulia kutoka chini ya kijani. Inachungulia kutoka chini. Naomba uyashike maneno hayo mawili ya mwisho.

Maana sponji inaiweka juu.

Mtu anayetaka kufanya kazi hii sawasawa anafuata njia ya historia yenyewe, hatua kwa hatua. Unapaka fedha kwanza, ndege nzima, na unabadilisha kidogo kivuli cha fedha kutoka kipande hadi kipande, kwa sababu alumini ya kweli haifanani yote. Unailinda kwa vanishi. Halafu unapulizia spreyi ya nywele, ile ile ya saluni, matabaka mawili mepesi. Ikikauka, unapulizia kijani cha akriliki juu yake. Baada ya saa moja au mbili unachukua brashi na maji ya uvuguvugu, unaloanisha mahali ambapo buti la fundi lilikanyaga, na unasugua taratibu. Maji yanapenya, spreyi inalainika, kijani kinaachia, na alumini inajitokeza. Hukuichora. Ilikuwa pale tangu Jumanne.

Kazi hii inaudhi. Mara ya kwanza nilisugua sana nikavua kijani cha nusu bawa. Mara ya pili vanishi ilikuwa haijakauka, fedha nayo ikaondoka, nikabaki na plastiki ya kijivu inanitazama. Lakini michubuko ikitoka vizuri ina tabia ambayo sponji haiwezi kuiiga. Ina kingo zilizovunjika ovyo. Inafuata mstari wa kifuniko halafu inauacha ghafla. Ukipitisha ukucha unahisi kishimo. Ya sponji ukipitisha ukucha unahisi kivimbe.

Kuna hesabu pia, na hapa wengi hawataki kusikia. Mabawa ya Hien, ncha hadi ncha, ni mita 12. Modeli yangu ni ya kipimo cha 1/48, kwa hiyo mabawa yana sentimita 25. Maana yake doa la milimita 1 kwenye modeli ni mchubuko wa karibu sentimita 5 kwenye ndege. Sponji ya vyombo inamwaga madoa ya milimita moja, mbili, tatu, popote inapogusa. Yahesabu kwa ukubwa wa kweli uone: mabaka ya ukubwa wa kiganja, yametawanyika sawasawa hadi mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kufika na buti wala bisibisi.

Na kuna jambo moja ambalo likinitokea mbele ya macho nashindwa kukaa kimya. Vile vipande vinavyochezacheza kwenye mabawa na mkiani, ambavyo rubani anavitumia kuigeuza ndege, kwenye Hien vilikuwa vimevikwa kitambaa. Kitambaa, jamani. Fremu ya chuma, juu yake nguo iliyovutwa na kupakwa rangi. Nguo ikichanika unaona tundu. Haiwezi kutoa alumini. Lakini zungukia maonyesho ya modeli, hata ya watu wenye medali, uone ni usukani mingapi ya mkiani imedonolewa fedha. Mtu ameipa jeraha la chuma sehemu ambayo haikuwa na chuma. Kwa nini? Kwa sababu sponji haiulizi chini kuna nini.

Hapo ndipo ugomvi wangu na rafiki yangu ulipo. Hakuna ubaya wa kutaka kazi iishe haraka. Tatizo ni kwamba njia yake haikulazimishi kuuliza swali lolote. Ukianza na fedha unalazimika kujua: hapa palikuwa na nini? Nani alipapaka? Alikuwa na praima? Nani alipakanyaga? Ukianza na sponji swali lako ni moja tu: inapendeza?

Nimeshasikia majibu. La kwanza ni kwamba hakuna atakayeona tofauti. Nalijibu kwa kisa cha ndege nyingine, ya upande wa pili wa vita hiyo hiyo.

Kuanzia mwanzoni mwa 1944 Wamarekani waliacha kupaka ndege zao nyingi rangi za kificho kiwandani. Walikuwa wameanza kushinda. Hofu ya kushambuliwa wakiwa wameegesha ilipungua, na rangi ni uzito na ni muda. Lakini baadhi ya vikosi vyao vya wapiganaji vilivyokuwa Uingereza vilipaka kijani juu ya alumini zilipopokea ndege mpya, wakijua huenda watahamia Ulaya bara, karibu na adui. Rubani Clarence "Bud" Anderson wa kikosi cha 357 alikuwa na P-51D ya namna hiyo, akiiita Old Crow. Majira ya baridi yakaja, theluji ikafunika ardhi, na kijani kikawa kinaonekana kuliko kitu kingine chochote. Anderson aliwatajia mafundi wake kwamba ingekuwa afadhali ndege iwe ya fedha. Asubuhi yake akaikuta ya fedha. Walikuwa wameikwangua usiku kucha kwa matambara na petroli, kwenye baridi, mpaka mikono ikawachubuka.

Sasa niambieni kwamba tabaka la chini halina maana. Fedha, kijani, fedha tena: huo ni mfululizo wa maamuzi. Watu wanajiamini, watu wanaogopa, watu wanasoma hali ya hewa, na mahali fulani kuna wanaume wanasugua gizani kwa sababu bosi wao ametaja theluji. Kwenye riwaya huo tunauita msuko. Anayepaka kijani kwenye plastiki tupu akadonoa fedha juu amechukua sura ya mwisho akaichapa peke yake.

Jibu la pili ni kwamba hii ni sanaa na msanii ana uhuru. Sawa. Paka Hien yako ya waridi, ichore maua, sitasema kitu, nitakuja na kupiga picha nayo. Aliyepaka waridi hajanidai nimwamini. Wa sponji ananidai. Anasema: hii ndege ilikuwepo, iliteseka, tazama makovu. Ukishanidai niamini, umejitia mwenyewe kwenye mizani.

La tatu ndilo zito, nalo silipuuzi: mtu mzima anahangaika na midoli ya vita, na nchi zetu zina vita zake. Mama mmoja kwenye kikundi chetu cha usomaji aliwahi kuniambia hivyo usoni, na alikuwa na haki. Lakini kwa sababu ni vita ndiyo maana siwezi kukubali sponji. Mwaka 1944 vikosi vya 68 na 78 vilivunjwa huko huko New Guinea. Ndege hazikuwepo tena. Mafundi waliobaki waliishia na askari wa miguu msituni, na wengi sana wa jeshi lile la Wajapani New Guinea walikufa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Wenyeji wa Sepik, ambao ugomvi ule haukuwa wao, walipata njaa yao na vifo vyao pembeni ya viwanja vile. Mchubuko mmoja kwenye shina la bawa ni buti la mmoja wa mafundi hao. Ukiutawanya kwa sponji kila mahali kwa sababu unapendeza, umegeuza kuchakaa kwa watu kuwa nakshi. Hicho ndicho kinachoifanya vita ionekane vazi zuri. Mdoli uliotengenezwa kwa uaminifu hauna hatari hiyo.

Nimesema sana kuhusu ndege. Sasa twende kwetu, kwenye karatasi.

Chukua riwaya inayotokea mwanzoni mwa miaka ya 1980, Tanzania ya uhaba. Nimesoma miswada kadhaa ya namna hiyo na naweza kukutajia madoa yake nikiwa nimefumba macho. Foleni ya sukari, doa. Sabuni ya kuficha chini ya kitanda, doa. Redio ya mbao inatangaza, doa. Kila sura ina madoa yake matatu manne, yametawanywa sawasawa. Halafu wahusika wanaanza kuongea, na wanaongea kama mimi na wewe tulivyoongea jana kwenye simu. Wanatamani tunavyotamani, wanachukia tunavyochukia, wanaoana kwa sababu zetu. Nina kipimo changu: nachukua kalamu na kufuta foleni ya sukari. Je, kuna kitu chochote kwenye kisa kimebadilika? Kama hakuna, basi foleni ile ni fedha juu ya kijani. Mwandishi aliyeweka foleni chini kwanza asingeweza kuifuta. Kwake foleni ingekuwa imeshaamua nani anamdai nani, binti gani anamjua meneja wa duka, jirani gani hazungumzi na jirani gani mpaka leo.

Shafi Adam Shafi alilijua hili. Vuta N'kuvute ni riwaya ya Zanzibar chini ya Mwingereza, lakini haituanzishi kwa madoa ya ukoloni. Inatuanzisha kwa Yasmin, msichana aliyeozwa kwa Raza, mwanamume mzee kwake, na kwa kuchoka kwake na ndoa hiyo. Siasa ziko chini, zimeshapakwa, zimekauka. Tunamfuata Yasmin anavyosuguana na dunia yake, na kila anaposugua, kilichopo chini kinajitokeza. Hatuhitaji kuambiwa tulitazame.

Nilisema nitakiri.

Baba mdogo wangu, huyo fundi rangi, alikwenda vita vya Kagera akiwa kijana. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 yeye alikuwa na miaka 20. Alikwenda, akarudi, akarudia rangi yake. Hakusimulia. Tukimuuliza anasema, "Tulikwenda, tukarudi," kisha anaomba chai.

Alipofariki niliandika tanzia ndefu nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mimi ndiye mwandishi wa familia, ilitegemewa. Niliandika vizuri, na watu walilia. Niliandika kuhusu mikono yake na harufu ya tina kwenye shati lake. Na nikaandika kwamba usiku vita vilikuwa vinamrudia, kwamba alikuwa anashtuka anaweweseka, kwamba sauti ya tairi kupasuka pale gereji ilikuwa inamrudisha msituni.

Siku ya pili mama mdogo akanipigia.

"Mwanangu, umeandika vizuri sana, Mungu akubariki. Ila nikuulize. Huyo uliyemwandika ni nani?"

Nikanyamaza.

"Baba yako mdogo alikuwa anakoroma kutoka saa tatu mpaka adhana ya alfajiri. Niliyekuwa silali ni mimi. Na hizo tairi zilizopasuka, si alikuwa anacheka?"

Ni kweli. Alikuwa anacheka. Mimi mwenyewe nilikuwepo.

"Kama unataka kilichobaki kwake," akasema, "mbona kila mtu alikiona. Mlikuwa mnamcheka nacho."

Alikuwa anazungumzia daladala. Baba mdogo alikuwa hatembei. Kutoka kwake hadi gereji ni vituo viwili, na jioni kwenda kwa fundi cherehani ni kituo kimoja, unamwona kabisa amekaa pale. Yeye atasubiri daladala. Jua, mvua, msongamano, atasubiri, atalipa nauli, atashuka kituo kinachofuata. Watoto tulikuwa tunamwita mzee wa kituo kimoja. Mtaa mzima ulijua ni mvivu wa miguu, na hakuwahi kubisha.

"Walitembea," mama mdogo akaniambia. "Toka huko Kagera mpaka Kampala, kwa miguu, na mzigo mgongoni. Tulipooana tu nilimwambia twende harusi moja, ni hapo karibu, tutembee. Akaniambia, mke wangu, mimi ya kwangu nimeshayatembea yote. Nikacheka. Halafu nikamwona uso. Sikumwomba tena."

Miaka thelathini nimekuwa naitazama alumini ikichungulia chini ya rangi ya yule mzee, kituo kimoja kwa kituo kimoja, na sikuiona. Nilipotakiwa kuiandika nikachukua sponji. Nikadonoa ndoto mbaya, kwa sababu nimezisoma kwenye vitabu na nimeziona kwenye filamu, na najua zinafanya watu walie. Niliziweka kwenye usingizi wake, sehemu ambayo vita haikuwa imeigusa. Nilimdonolea fedha kwenye kitambaa. Na ndugu zangu ambao hawakuishi naye sasa wanamjua kama mtu aliyeweweseka. Tanzia hiyo imeshasambazwa. Siwezi kuirudisha.

Simaanishi kwamba hakuna askari wanaoota vita. Wapo, na wao wana haki ya mwandishi wao. Simaanishi kila mwandishi awe na mama mdogo wa kumpigia simu. Nasema kwamba makovu ya mtu yako mahali pake maalumu, na mahali hapo panategemea alikuwa ametengenezwa na nini kabla ya vita, na ni rangi gani ilipakwa juu, kwa haraka kiasi gani, na akakanyagwa wapi. Huwezi kuyakisia kutoka juu. Na usipojua, una njia ya heshima: acha kijani kikae kizima. Ndege isiyo na mchubuko hata mmoja inasema sijui. Ndege yenye michubuko ya uongo inasema najua.

Rafiki yangu alirudi wiki iliyopita. Hien ilikuwa imekwisha, iko juu ya kabati. Aliichukua akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye shina la bawa la kushoto, akakaa kimya kidogo. "Michache," akasema. Nikamwambia ndiyo, michache. Akaniuliza spreyi ya nywele ni ya aina gani. Nikamwambia yoyote, ya bei rahisi ndiyo nzuri. Hatukukubaliana zaidi ya hapo. Bado anasema dakika kumi zingetosha.

Na tanzia nimeiandika upya. Ni fupi sasa. Ndoto nimezitoa, na kituo kimoja kimeingia. Nimemsomea mama mdogo kwenye simu, na alipofika kwenye daladala alicheka, kisha akaniambia nisubiri kidogo, akaweka simu chini.

Wenye kubisha, uwanja ni wenu hapo chini. Karibuni.